Mashine ndogo ya CNC ya 3018 katika karakana ya Lamu: miezi 18 ya chumvi, vumbi na mbambakofi

Nimeulizwa mara nyingi, barazani na njiani, kama ile mashine yangu ya CNC, yaani ya kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta, ni kitu cha kununua au ni kupoteza pesa. Jibu langu ni kwamba inunuliwe, lakini na mtu aliye tayari kuijua kama anavyomjua punda wake: anabeba kiasi gani, anaogopa nini, na akigoma anagomea nini. Mimi niko Langoni. Karakana yangu ni chumba cha chini katika nyumba ya marehemu babu, na mashine imekaa juu ya meza ya mvule miezi 18 sasa. Yote ninayoandika hapa yametoka kwenye meza hiyo.

Ni ile aina inayojulikana kwa namba 3018. Namba hiyo ni kipimo cha eneo la kazi, sentimita 30 kwa 18. Kina chake kwenye maelezo ni milimita 45, na ukishafunga ubao na biti, ile ncha inayokata, kinabaki pungufu ya hapo. Fremu ni alumini yenye mifereji. Mota tatu ndogo za hatua zinaisukuma, kila moja ikizungusha skrubu ndefu inayosogeza kazi milimita 4 kwa mzunguko mmoja. Kichwa kinachoshika biti kina mota ya volti 24 ya aina ya 775. Ubongo wake ni bodi inayoendeshwa na GRBL, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogseth wa Norway. Naitaja GRBL mapema kwa sababu ndiyo iliyonifaa kuliko kipande chochote cha chuma kilichokuja ndani ya kasha. Kosa likitokea hutoa namba, na namba hiyo ina maana ileile kwa kila mashine ya ukoo huu, uwe umenunua kwa nani.

Nililipa shilingi 41,000 pamoja na usafiri mpaka Mokowe. Kutoka Mokowe kasha lilipanda boti, na gatini hamali akalibeba begani mpaka mlangoni, maana vichochoro vyetu mnavijua. Kitabu cha maelezo kilichokuja nalo kilikuwa cha mashine nyingine yenye swichi ambazo yangu haikuwa nazo. Nilimwandikia muuzaji mara tatu, akanijibu mara moja kwa picha ya kasha. Niliiunganisha usiku mbili baada ya isha, nikitumia guni la babu kuhakikisha nguzo zimesimama wima. Hapo msiharakishe. Nguzo ikilala kidogo tu, kila shimo litakalotobolewa litalala pamoja nayo, na hutajua kosa limetoka wapi.

Shida ya kwanza ilikuwa duara. Nilichonga duara la sentimita 8 kwenye kipande cha MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, likatoka yai. Kulia na kushoto lilikuwa sawa, lakini mbele na nyuma lilipungua nusu milimita. Nikakimbilia hesabu. GRBL ina mpangilio unaoitwa $101, unaoiambia mota ya Y, ile inayosogeza kitanda mbele na nyuma, ipige hatua ngapi kwa kila milimita. Kwa mashine hii ni 800: mota ina hatua 200 kwa mzunguko, bodi inaikata kila hatua mara 16, unapata 3,200, ukigawa kwa milimita 4 za skrubu unabaki na 800. Nikapandisha hadi 805. Duara la sentimita 8 likakaa sawa, nikalala nimefurahi.

Kesho yake nikachonga la sentimita 3, likapungua. Nikachonga la sentimita 15, likazidi. Hapo ndipo nilipoketi nikafikiri. Kama kosa lingekuwa katika hesabu ya hatua, lingekua na kupungua kwa kufuata ukubwa wa duara. Kosa langu halikufanya hivyo. Mashine ilikuwa inapoteza kiasi kilekile kila inapogeuka, na mimi nilikuwa nimelifunika kwa namba ya uongo iliyofaa duara moja tu. Kinachopotea wakati wa kugeuka ni ulegevu. Nikazima mashine, nikashika kitanda kwa vidole na kukisukuma mbele na nyuma. Kilicheza. Skrubu ndogo ya kapulingi, ile inayounganisha shafti ya mota na skrubu ndefu, ilikuwa imebanwa kwenye upande wa mviringo badala ya upande bapa. Nikaizungusha ikakalia ubapa, nikaibana kwa tone moja la gundi ya skrubu, nikarudisha $101 iwe 800. Maduara yote matatu yakatoka maduara.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu vijana wawili wa hapa mjini walionunua mashine kama hii baada yangu wote walianza kwa kubadilisha namba. Kabla hujagusa namba yoyote, shika mashine kwa mkono. Kitanda, kichwa, nguzo, sukuma kila kitu. Namba za kiwandani kwa kawaida ziko sawa. Kinacholegea ni chuma.

Shida ya pili ilinitesa wiki nzima. Nikiwasha mota ya kichwa, laptopu inapoteza mawasiliano na bodi. Mara nyingine ni hapohapo, mara nyingine ni baada ya dakika 20, biti ikiwa imezama ndani ya mbao. Mashine inasimama kimya, ila kichwa kinaendelea kuzunguka mahali pamoja mpaka mbao inatoa moshi. Nilishuku programu, nikaifuta nikaiweka upya. Nilishuku laptopu, nikaazima ya dada yangu. Tatizo lilikuwa waya. Mota ya brashi hutoa cheche ndogondogo ndani yake, cheche hizo hutoa kelele ya umeme, na waya mrefu mwembamba wa USB huipokea kama antena. Wangu ulikuwa umefungwa pamoja na waya wa mota, sambamba, kwa kibanio kimoja, ili meza ionekane nadhifu. Niliutenga kwa kuupitisha upande wa pili wa fremu, nikanunua mfupi wenye kipete cheusi cha kuzuia kelele hiyo karibu na ncha. Nikamwita fundi wa umeme aangalie soketi, na kumbe nyumba ya zamani kama yetu, soketi ya karakana haikuwa na waya wa ardhi kabisa. Akauweka. Tangu siku hiyo mawasiliano hayajakatika, na hata taa ya ukutani imeacha kunipiga shoti kidogo nikiigusa. Hilo la ardhi ningelifanya kwanza, mashine au bila mashine.

Umeme wenyewe kukatika ni jambo jingine, na kwa anayeishi kisiwani ndilo la kulipangia mapema. Mashine hii ikizimika haikumbuki iko wapi. Unaporudi umeme inadhani hapo ilipo ndipo sifuri ya dunia. Mara ya kwanza niliharibu ubao wa mninga uliokuwa umebakiza robo saa. Lakini kuna jambo moja zuri: GRBL huhifadhi mahali pa kuanzia kazi, panapoitwa G54, katika kumbukumbu isiyofutika. Kinachokosekana ni mashine kujua kona yake yenyewe. Basi nilinunua swichi tatu ndogo za kubonyeza, nikazifunga mwisho wa kila mhimili, nikawasha $22, mpangilio wa kuitafuta kona hiyo, na sasa kila asubuhi naandika $H. Mashine inajongea yenyewe mpaka inagusa swichi zote, inajua kwao. Umeme ukikatika, nasubiri urudi, naandika $H, G54 iko palepale, kisha kwenye UGS, programu ya laptopu inayoitumia mashine kazi, naiambia ianze mistari michache kabla ya pale ilipokomea. Hakikisha tu kwamba biti iko juu na kichwa kinazunguka kabla haijashuka. Ukiona error:9 usiogope: imejifunga kwa usalama, inataka $H, au $X ya kuifungua tu kama una hakika hakuna kilichogongwa. Baadaye niliongeza UPS ndogo, betri ya akiba, nayo sikuinunua iendeshe kazi mpaka mwisho. Dakika zake chache zinanitosha kusimamisha na kuinua biti.

Sasa nije kwenye kazi, maana mashine huhukumiwa kwa kazi.

Kazi niliyoinunulia ni mfaa. Kwa asiyejua, mfaa ni ule ubao wa katikati ya mlango, unaosimama pale mbao mbili zinapokutana na kuziba pengo lao. Mjomba wangu ni mchonga milango, na mgongo umeanza kumsumbua. Mfaa wa mlango wa jamaa zetu wa Mkomani ulikuwa umeliwa na mchwa, wakataka mwingine wa mchoro uleule: maua ya duara ya kukatwa kwa pembe, yale ya mtindo wa kijumwa, moja chini ya jingine toka juu hadi chini. Ubao ulikuwa wa mbambakofi, urefu mita 1 na sentimita 85, upana 10, unene 2 na nusu. Na mashine yangu inafika sentimita 18.

Umbo la 3018 linasaidia hapa kuliko watu wanavyodhani. Daraja linalobeba kichwa limesimama mahali pamoja, kitanda ndicho kinachokwenda mbele na nyuma chini yake. Kwa hiyo ubao mrefu unaweza kupita chini ya daraja na kutokeza pande zote mbili. Maua yalikuwa ya sentimita 8 kila moja. Mawili kwa mkao mmoja ni sentimita 16, yanaingia. Maua 22 ni mikao 11, na yanabaki sentimita 4 na nusu kila mwisho, ambazo mjomba alitaka ziwe wazi.

Ili maua ya mkao mmoja yafuate ya mkao uliotangulia bila kuachana, nilitoboa mashimo ya milimita 6 nyuma ya mfaa, pasipoonekana, kila baada ya sentimita 16, na kwenye ubao wa kitandani nikasimamisha vijiti viwili vya mbao vyenye umbali huohuo. Unauinua mfaa, unausogeza shimo moja, unaukalisha, unafunga, unaendelea. Mwanzoni nilitoboa mashimo ya kujaribia kwa kutumia kibao cha mashimo mawili, shimo la pili likawa la kwanza la hatua inayofuata. Usifanye hivyo. Kosa la robo milimita ukilirudia mara 11 ni karibu milimita 3, na ua la mwisho litaonekana limepanda juu ya mwenzake. Nyosha mstari wa katikati na upime mashimo yote kutoka mwisho mmoja kwa tepu moja, bila kuiinua.

Mkao wa sita ndio ulionitoa jasho. Mfaa ni karibu kilo 4, na ukifika hapo katikati, pande zote mbili zinatokeza na kuning'inia. Mota ya Y ikaanza kulia, kisha ikaruka hatua, na petali ya ua la 11 ikachongwa milimita 2 pembeni. Niliizima haraka. Ile petali mjomba aliizibia kwa kipande cha mbambakofi chenye nyuzi zinazolingana, na mimi mwenyewe leo naitafuta siioni, ila najua ipo. Dawa ilikuwa mbili. Nilikata bomba la plastiki, nikatengeneza vigurudumu viwili, kimoja mbele kimoja nyuma, vyenye kimo sawasawa na kitanda, mfaa ukapumzika juu yake. Na kwenye GRBL nikapunguza mwendo wa Y, $111, hadi 500, na mchapuko wake, $121, hadi 20. Kazi ikawa ya polepole, dakika kama 50 kwa kila mkao, lakini mota haikulia tena mpaka mwisho.

Mjomba alikaa siku nzima kwenye kigoda akiiangalia. Alipozungumza alisema: "Kiyana, hiki chombo chakata vyema, lakini hakiyui mti." Nilimwomba anieleze. Akanishika mkono akanionyesha: upande mmoja wa kila petali ulikuwa laini kama kioo, upande wa pili ulikuwa na vinyweleo na sehemu mbili zimebanduka. Mchongaji akifika pale nyuzi zinapogeuka, anageuza patasi. Mashine inaenda ilikoambiwa. Baada ya hapo nilibadilisha mpango: mkato wa kwanza unaacha milimita 0.2, na mkato wa mwisho, mwembamba, unazunguka kwa kufuata mwelekeo wa biti badala ya kuupinga. Kubanduka kukapungua sana. Kilichobaki mjomba anakimaliza kwa patasi, na anakimaliza akiwa ameketi, hainami tena juu ya ubao siku nne mfululizo. Mimi kwa hilo peke yake nimeshalipwa pesa zangu.

Jambo nililojifunza kuhusu michoro ni kwamba kijumwa na biti ya V zinaelewana. Mchoro ule umejengwa kwa vipande vya pembe tatu vinavyokutana chini kwenye mstari mmoja, na biti yenye ncha ya pembe hukata hivyohivyo, hata kona kali inaingia kwa kuinuka polepole. Maua ya majani yanayojikunja, yaliyochimbwa ardhi yake yakabaki yamesimama, ni kazi nyingine. Biti ya mviringo haiwezi kuacha kona ya ndani iliyo kali, na kuchimba ardhi kwa biti nyembamba kunachukua masaa. Mtu akiniletea mchoro wa namna hiyo namwelekeza kwa mjomba moja kwa moja.

Biti ya V inadai kitu kimoja tu, nacho ni uso ulionyooka. Ya pembe 60 ikishuka milimita 3 inakata mfereji wenye upana wa karibu milimita 3 na nusu juu. Ubao ukiwa umepinda nusu milimita, upana wa mfereji nao unabadilika zaidi kidogo ya nusu milimita, na jicho la mtu wa Lamu aliyekua akiangalia milango litaona. Msimu wa masika MDF ya kitandani ilivimba, mistari ikawa minene upande wa kushoto na kufifia upande wa kulia. Nikadhani biti imechakaa, nikabadilisha biti mbili bure. Sasa ule ubao wa juu nauita ubao wa kafara: mashine inauparura yenyewe kwa biti bapa mpaka ulingane na mwendo wake, na ukichoka nautupa naweka mwingine. Na mbao ya kazi naipiga randa asubuhi ileile nitakayochonga, siiachi ilale.

Kwa mwarubaini, ambao uko tele hapa na unachongeka vizuri, nashusha milimita 0.5 kwa mpito mmoja kwa mwendo wa milimita 400 kwa dakika, biti ya milimita 3.175. Mbambakofi nashusha 0.3 na mwendo 300. Ukitaka kuiharakisha utaijua kwa sauti: inatoka kwenye mvumo inakuwa kilio. Sikiliza kabla ya kuangalia.

Chumvi. Karakana yangu haiko mbali na Usita wa Pwani, upepo wa kusi unaingia moja kwa moja. Skrubu ndefu na fimbo za kuteleza zimevumilia. Zilizoota kutu ni zile skrubu nyeusi ndogo za kufungia fremu, zote, ndani ya miezi mitatu, na moja ilikatikia ndani nilipotaka kuifungua. Nimezibadilisha kwa za chuma kisichoshika kutu, moja baada ya nyingine. Beringi ya mwisho wa X, mhimili wa kulia na kushoto, ilianza kusaga mwezi wa kumi. Vumbi la mbao ndilo mshirika wa chumvi, linanyonya unyevu na kuulaza juu ya chuma usiku kucha. Kila jioni napiga brashi, nafuta kwa kitambaa, natia tone la mafuta ya cherehani kwenye skrubu ndefu, kisha naifunika kwa kikoi cha zamani. Nilijaribu grisi, ikashika vumbi ikawa kama ugali, nati zikakwama.

Na vumbi hilo ni la kuogopwa hata kwa mtu. La mvule linawasha pua na ngozi na linaweza kuleta pumu. Barakoa na miwani ni lazima, hata kwa mpito wa dakika mbili. Kasha langu lilikuja pia na kichwa cha leza. Nimekiweka kabatini, kwa sababu karakana ina watoto wanaopita mlangoni na mwanga ule unaharibu jicho mara moja.

Kazi nyingine nilizozifanya ni ndogo, lakini nazipenda. Marufaa, vile vibao vya kuwekea msahafu, nimetengeneza tatu, kwa mwarubaini, sentimita 16 kwa upana, kwa hiyo zinaingia bila kusogezwa. Mashine inachonga nakshi ya juu, bawaba ya kupishana naikata kwa msumeno na patasi kama kawaida. Moja iko kwenye chuo cha Kurani anachosoma mwanangu. Ubao wa jina wa mashua ya binamu yangu, kwa herufi za Kiarabu, niliuchora kwanza kwa kalamu ya mwanzi kwenye karatasi, nikapiga picha, nikafuata kingo zake kwa Inkscape, programu ya kuchorea. Hapo nashauri mwandiko uwe wa mkono wako au wa mtu unayemjua. Herufi za kompyuta zikichongwa zinakuwa na unene uleule kila mahali, hazina pumzi.

Iliyonishangaza ni mihuri ya kofia. Shangazi yangu hushona kofia za vito, na kuchora mchoro kwenye kitambaa kabla ya kushona kulikuwa kunamla jioni nzima. Nikamchongea muhuri wa mbao ya mwembe, wenye sehemu moja ya mchoro inayojirudia, kina cha milimita 2. Wa kwanza haukufaa: nilisahau kuugeuza kama kioo, mchoro ukatoka kinyume. Wa pili mistari ilikuwa myembamba mno, ikavunjika. Wa tatu nikaacha mistari ya milimita 1 na robo, yenye miteremko ya biti ya V pande zote mbili ili iwe na kiuno kinene chini, na huo ndio anaoutumia mpaka leo kwa wino unaotoka ukifuliwa. Majirani zake watano wameshaomba wa kwao, kila mmoja na mchoro wake, na wawili wamenikataza kabisa nisiwaonyeshe wenzao.

Kwa hiyo kama ni nyota, naipa nne kati ya tano kwa fundi mwenye subira, na mbili kwa mtu anayetaka kitu cha kufungua kasha na kuanza biashara. Kinachoipunguzia ni skrubu zinazoota kutu, kukosa swichi za mwisho, mota ya kichwa isiyo na nguvu kwa mbambakofi, na maelezo yasiyofanana na mashine. Kinachoipandisha ni kwamba hakuna kilichoharibika ambacho sikuweza kukitengeneza mwenyewe. Kapulingi, beringi, waya, swichi, vyote ni vitu vya bei ndogo vinavyopatikana Mombasa na kuletwa na basi. Ukiwa na pesa za ziada, usinunue biti nyingi za rangirangi. Nunua kipimo cha kalipa kizuri, swichi tatu, waya mfupi wa USB na UPS, kisha biti tano za V na tano za milimita 3.175. Zitavunjika, hasa mwezi wa kwanza.

Walio hapa kisiwani wanaofikiria kununua, wapite karakana baada ya alasiri waione ikifanya kazi kwanza. Mje na ubao wenu, upana usizidi sentimita 28, umepigwa randa pande zote mbili, na mchoro wake. Mafaili ya maua ya kijumwa ya sentimita 8 na ya muhuri wa mistari minene nawapa bure kwenye flashi. Ya shangazi na majirani zake siyatoi.